Zebaki Haisubiri Kadi ya Kliniki

Kuna sentensi moja ambayo kila anayezungumzia zebaki machimboni lazima aitamke, utadhani imo kwenye katiba: "Mama mjamzito asiguse zebaki." Utaisikia kwenye semina, utaisoma kwenye mabango, na sisi wenyewe tukirudi fildi tunaiandika kwenye ripoti, ukurasa wa mapendekezo, tunapata alama zetu na maisha yanaendelea. Sina ugomvi na ukweli wake. Zebaki ni sumu kwa mtoto aliye tumboni, hilo halina mjadala. Ugomvi wangu ni kwamba sentensi hiyo anaambiwa mtu asiye na uwezo wa kuitekeleza, anaambiwa wakati umeshampita, na wale wenye uwezo wanaachwa waendelee na biashara zao kwa raha.

Naomba nieleweke mapema, kwa sababu najua humu chuoni ukigusa habari za dhahabu watu wanakuuliza unatumwa na nani. Mimi ni mtoto wa Geita. Ada yangu ya sekondari ilitoka mwaloni, kwenye marudio ambayo mama na mama zangu wadogo waliyaosha tena baada ya wanaume kuchukua kilicho bora. Kwa hiyo sitaki machimbo yafungwe. Nchi hii inakadiriwa kuwa na wachimbaji wadogo zaidi ya milioni moja, na nyuma ya kila mmoja kuna sufuria inayosubiri. Anayesema "wafunge tu" hajawahi kulala na njaa. Nataka tujadili zebaki na mimba kwa akili, si kwa kurushiana lawama.

Inavyoingia mwilini

Tuanze na shughuli yenyewe, maana wengi wetu tunaijua dhahabu ikiwa tayari shingoni. Mawe yanavunjwa, yanasagwa kwenye kinu au karasha hadi yanakuwa unga, unga unaoshwa mwaloni, kisha ule mchanga mzito unachanganywa na zebaki. Zebaki inazikamata chembe za dhahabu na kushikamana nazo. Mchanganyiko unakamuliwa kwenye kitambaa, linabaki donge la rangi ya fedha. Donge linawekwa kwenye moto, zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Kazi imekwisha, na jioni hiyohiyo mtu ana hela mkononi. Ndiyo maana zebaki inapendwa: ni rahisi, ni ya haraka, na haihitaji mtaji mkubwa.

Mvuke ule hauna rangi wala harufu ya kukukimbiza. Takriban asilimia 80 ya mvuke wa zebaki unaovutwa hubaki mwilini, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito unapenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Hiyo ni njia ya kwanza.

Njia ya pili ni ndefu zaidi. Zebaki inayomwagika inaingia mtoni na ziwani, bakteria wa kwenye tope wanaigeuza kuwa methili-zebaki, inaliwa na viumbe vidogo, vidogo vinaliwa na samaki, samaki wadogo wanaliwa na wakubwa, na kila hatua kiwango kinapanda. Methili-zebaki ndiyo mbaya kuliko zote kwa mimba. Haizuiliwi na kondo la nyuma. Kinyume chake, damu ya kitovu cha mtoto kwa wastani huwa na methili-zebaki nyingi kuliko damu ya mama yake, karibu mara 1.7. Yaani mama anaweza kujiona mzima kabisa huku mtoto ndiye anayebeba mzigo.

Njia ya tatu haihitaji mgodi. Iko hosteli. Nitaifikia.

Somo la vitovu

Kwa muda mrefu madaktari wengi duniani waliamini kwamba kondo la nyuma ni ngao: sumu ikimpata mama, mtoto yuko salama ndani. Kilichovunja imani hiyo ni mji mmoja wa wavuvi nchini Japani, Minamata. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga maji yenye methili-zebaki baharini tangu 1932 hadi 1968. Mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa rasmi: watu wanatetemeka, wanapoteza uwezo wa kuona na kusikia, hata paka wanajirusha kama waliopagawa. Kisha wakaanza kuonekana watoto ambao hawajawahi kula samaki hata mmoja, lakini wamezaliwa na ulemavu mzito wa ubongo. Mama zao wengi walikuwa na dalili ndogo tu, au hawana kabisa. Ilichukua hadi 1962 kukubalika rasmi kwamba watoto wale waliumizwa wakiwa tumboni.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja baadaye, na ulikuwa umekaa kwenye makabati ya nyumbani. Wajapani wana desturi ya kukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukitunza kwenye kisanduku. Daktari Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kuwapigania wagonjwa wale, alishirikiana na wenzake kukusanya vitovu hivyo, vikapimwa, na zebaki ikakutwa humo. Matokeo yalichapishwa 1975. Vitovu vilitoa ushahidi ambao kampuni na wakubwa hawakuwa tayari kuutoa.

Sisi kitovu tunakizika. Tunamwambia mtu "nenda ulikozikwa kitovu chako" tukimaanisha kwao, asili yake. Nikifikiria Minamata huwa najiuliza: vitovu vilivyozikwa kuanzia miaka ile zebaki ilipoenea kwenye mialo ya Geita, Kahama na Chunya vingesema nini kama vingepimwa?

Sehemu ya jibu ipo. Watafiti wa chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando, Mwanza, wamewafuatilia wajawazito wa Kanda ya Ziwa, na matokeo yao yaliyochapishwa 2019 na 2020 yanaonyesha kwamba wanawake wa maeneo ya wachimbaji wadogo wana zebaki na aseniki nyingi zaidi mwilini kuliko wa maeneo yasiyo na machimbo, na kwamba sumu hizo zinahusiana na matatizo ya uzazi. Utafiti mwingine wa Geita, wa 2014, ulikuta karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa wanakula udongo, ule wa pemba tunaoujua wote sokoni, na udongo huo ulikuwa na aseniki na madini mengine kuliko inavyotakiwa. Haya yote yamefanywa hapahapa nyumbani, na wasomi wetu. Kwa nini basi bado tunaandika kwenye ripoti zetu kwamba "utafiti zaidi unahitajika" na kuishia hapo?

Uzito wa mtoto na chakula cha mama

Kuhusu ukuaji wa mtoto tumboni, lazima tuseme kweli kama wasomi. Madhara ya zebaki kwenye ubongo wa kijusi yana ushahidi mzito: Minamata, kisha Iraki mwaka 1971 na 1972, ambako mbegu za nafaka zilizopakwa dawa yenye methili-zebaki zilisagwa zikaliwa kama mkate, watu zaidi ya 6,000 wakalazwa na zaidi ya 450 wakafia hospitalini, na watoto waliokuwa tumboni wakazaliwa na ubongo ulioharibika. Kwenye uzito wa kuzaliwa, hadithi si nyepesi hivyo. Tafiti nyingine zimeona uhusiano, nyingine hazikuuona. Ule mkubwa wa Norwe, wenye wanawake zaidi ya 60,000, ulikuta kwamba mama anayepata zebaki nyingi kwenye chakula huelekea kujifungua mtoto mwepesi kidogo. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba mama anayekula samaki na vyakula vya baharini kwa ujumla huelekea kuzaa mtoto mwenye uzito zaidi.

Hapo pana funzo kubwa, na ndipo tunapokosea tukikimbilia kupiga marufuku. Samaki ana protini na mafuta ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji. Kule Shelisheli, ambako samaki ni chakula cha karibu kila siku, watoto wamefuatiliwa kwa miaka mingi bila kuonekana madhara ya wazi kwa viwango vyao vya kawaida vya zebaki. Na samaki wengi waliopimwa katika Ziwa Viktoria wamekutwa na zebaki chini ya kiwango cha tahadhari. Kwa hiyo yule anayemwambia mjamzito wa Sengerema "acha samaki, wana zebaki" anamnyang'anya mtoto chakula kwa jina la kumlinda. Dagaa na sato wadogo si adui. Tahadhari iwe kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, na kwa wale wanaovuliwa jirani kabisa na mialo inayomwaga marudio.

Mantiki hiyohiyo inagusa kazi. Mara nyingi nikileta mada hii bwenini, jibu la kwanza ni: "Si waondoke tu machimboni wakishika mimba?" Waondoke waende wapi, kaka? Mtoto tumboni anakua kwa chakula anachokula mama. Mwanamke akifukuzwa mwaloni bila kipato kingine, anakula mara moja kwa siku, anabeba maji na kuni palepale kijijini, na mume au jirani anaendelea kuchoma dhahabu uani, mita chache kutoka kwenye kitanda chake. Mvuke hauulizi nani yuko kazini na nani yuko likizo. Tumemwondolea ujira, zebaki tumemwachia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwetu sisi tulio mbali, "asiguse" ni neno jepesi sana.

Wakati umeshapita

Sasa niingie kwenye hoja iliyonipa kichwa cha makala hii. Hebu tupige hesabu pamoja.

Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba kutungwa. Wiki hizo mama wengi hata hawajui kama wana mimba. Ndiyo kwanza anasema mwezi huu umechelewa. Baada ya hapo seli za ubongo zinaanza kusafiri, kila moja ikienda mahali pake, na methili-zebaki ni mtaalamu wa kuvuruga safari hiyo. Kwa mtu mzima inaharibu maeneo fulani ya ubongo. Kwa kijusi inaharibu ubongo mzima ukiwa bado unajengwa.

Na kuhudhuria kliniki je? Shirika la Afya Duniani linashauri mama afike kabla ya wiki ya 12, lakini wengi tunaowajua, dada zetu na shangazi zetu, wanaenda tumbo likishaanza kuonekana. Tuseme amefika mwezi wa nne, akapewa kadi, akapewa na ushauri: usiguse zebaki. Akatii siku hiyohiyo. Methili-zebaki huchukua takriban siku 50 kupungua kwa nusu mwilini. Maana yake karibu mwezi wa sita bado anabeba nusu ya ile aliyokuwa nayo siku anapewa kadi, na ndiyo inayoendelea kumfikia mtoto. Ushauri wetu ni mzuri, mama ni mtiifu, na bado tumechelewa.

Ndiyo maana nasema zebaki haisubiri kadi ya kliniki. Ukitaka kumlinda mtoto, huwezi kuanza na mimba. Unaanza na mahali: kijiji, mwalo, duka la mnunuzi wa dhahabu, duka la vipodozi. Mahali pakiwa safi, hata asiyejua kuwa ana mimba analindwa.

Mwenye uwezo ni nani?

Mwanamke anayeosha marudio hachagui zebaki. Wanaochagua ni mwenye leseni ya eneo, anayemiliki karasha, na mnunuzi anayekuja na mzani na zebaki mkononi, anakukopesha zebaki kwa sharti umuuzie yeye dhahabu. Hao ndio wa kushikwa mkono, au kushikwa shati.

Sheria ipo. Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata mwaka 2013 na kuuridhia 2020. Mkataba unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo kuwa na mpango wa kupunguza zebaki, na unataja vitendo vibaya zaidi vya kukomeshwa, kama kuchoma dhahabu hadharani na kuichoma kwenye makazi ya watu. Soma tena: makazi ya watu. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayosimamia kemikali za viwandani, pamoja na usajili wa wanaozifanyia biashara. Lakini fika kwenye mnada wowote wa kule kwetu uulize zebaki, utaletewa kwenye kichupa bila kuulizwa jina. Hiyo si siri ya mtu.

Mbadala nao upo, ingawa si wa miujiza. Kuna kifaa cha chuma kilichofunikwa kinachonasa mvuke wakati wa kuchoma na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumia tena. Mchimbaji anaokoa hela na mapafu. Huko Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wametumia boraksi badala ya zebaki kwa miaka mingi. Haifai kwa kila aina ya mwamba, inahitaji mafunzo na uvumilivu. Kwa hiyo nikisikia "wachimbaji hawana njia nyingine", nauliza: nani aliwaonyesha, lini, na nani alilipia? Uchimbaji mdogo wa dhahabu unatoa takriban asilimia 38 ya zebaki yote ambayo binadamu anaimwaga hewani duniani, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya 2018. Tatizo la ukubwa huo haliwezi kutatuliwa kwa kumgombeza mama mwenye karai.

Turudi hosteli

Nilisema njia ya tatu iko hosteli. Mkorogo. Chumvi za zebaki zinazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua zinatiwa zebaki. Inaingia kupitia ngozi, inajikusanya kwenye figo, inabaki kwenye taulo na mashuka, hata anayelala chumba kimoja nawe anapata sehemu yake. Nchini kwetu vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana 2023 kwamba ifikapo 2025 kipodozi chochote chenye zebaki iliyoongezwa kisitengenezwe wala kuuzwa nje au kuingizwa nchini. Halafu boom likitoka, vikopo visivyo na lebo vinapita mlango kwa mlango, eti "ni vya asili, vya kupima".

Dada zangu, siwahukumu. Mnaishi kwenye jamii inayomsifia mweupe kwenye kila harusi na kila tangazo, na sisi wanaume ni wa kwanza kusifia. Lakini tuko kwenye umri wa kuzaa, na mimba nyingi za umri huu haziji kwa kalenda. Ile hesabu ya wiki nne ni yetu pia, haiwahusu wa Geita peke yao. Kama kikopo hakina orodha ya viambato, kiache. Kama orodha ina neno lolote linaloanza na "mercur", au limeandikwa "calomel", kiache haraka zaidi.

Nisingependa makala hii iishie kwenye "tuelimishane". Serikali ya wanafunzi ina mamlaka yake, ndogo lakini ipo. Napendekeza mambo matatu yapelekwe kwenye bunge letu semista hii.

Kwanza, vibanda vinavyopangishwa ndani ya chuo viwekewe sharti kwenye mkataba: hakuna kipodozi kisicho na lebo kamili na alama ya ubora ya TBS. Anayekiuka anapoteza kibanda. Hili halihitaji bajeti.

Pili, kila mwanafunzi anayepangiwa fildi kwenye maeneo ya machimbo apewe maelekezo ya maandishi kabla ya kusafiri: asishike zebaki, asikae panapochomwa dhahabu, asipange chumba jirani na duka la mnunuzi. Wapewe wote, wa kike na wa kiume, bila kuulizana nani ana mimba. Hakuna binti anayepaswa kutangaza hali yake mbele ya msimamizi ili alindwe.

Tatu, idara zetu za kemia, afya na madini zitenge nafasi za tafiti za mwaka wa mwisho kwa ajili ya zebaki, na matokeo yarudishwe kijijini kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa hadhara, wakiwemo wenye leseni na wenye karasha. Tafiti nyingi zinachukua damu na nywele za watu wetu, zinarudi na shahada. Aliyetoa damu anastahili kuambiwa kilichokutwa ndani yake.

Na kwa wale tunaojiandaa kuandika ripoti za fildi mwezi ujao, nina ombi moja dogo. Ukifika ukurasa wa mapendekezo, na kalamu ikataka kuandika "mama mjamzito asiguse zebaki", andika badala yake nani aiondoe zebaki pale mama anapoishi, kwa sheria ipi, na kufikia lini. Itachukua mistari mitatu zaidi.